Prezida Aliyeomba Sinai

Kama kulikuwa na mtu mmoja pale Keshero, mtaa wa Goma, aliyezoeana na Mungu kupita kiasi, basi ni papa Sikuli, fundi wa kuta. Wenzake walimwita Mungu Bwana, Mwenyezi, Baba wa milele. Sikuli alimwita Muzee, kana kwamba jana walikaa meza moja wakagawana kichwa cha mbuzi. Saruji ikimwishia: "Muzee, unaniona lakini?" Akipata mteja msumbufu: "Muzee, huyu ulimuumba kwa kazi gani?" Na jioni, akinawa vumbi jeusi mikononi, alitupa jicho kule juu kwenye mlima Nyiragongo, ambao watu wengine wakiutazama humeza mate, akasema, "Haya Muzee, kesho." Halafu akaingia kula.

Kazi yake ilikuwa mawe. Goma si mji wa udongo. Ni mji uliojengwa juu ya matapishi ya mlima, na matapishi hayo yalipoa yakiwa na meno. Sikuli aliyavunja kwa nyundo, akayapanga, akayafunga kwa saruji, na juu kabisa akapandikiza vipande vya chupa za bia, vingi na vya rangi zote, mpaka ukuta ukawaka jua likiuangukia. Alijisifu kwamba mwizi akitaka kuruka ukuta wake, kwanza aandike wosia.

Lakini ukuta ulikuwa wa kulisha tumbo. Kitu kilichomlisha roho kilikuwa cheo. Sikuli alikuwa prezida wa shirika, lile kundi la majirani Wakatoliki wanaokutana kila juma nyumbani kwa mmoja wao kusoma Neno, kuomba, na kujua nani amegombana na mke wake. Mtasema hicho ni cheo gani? Goma kila mtu ni prezida wa kitu: kuna prezida wa wauza nyanya, kuna prezida wa wapiga picha wa harusi, kuna hata prezida wa wale wanaopenda kuwa prezida. Kwa Sikuli, hata hivyo, cheo kile kilikuwa mifupa yake. Kilimpa kiti cha plastiki chenye mikono, wakati wengine wanakaa kwenye mabenchi. Kwenye msiba alisema kabla ya wenye maiti. Akipita njiani hata watu wa madhehebu mengine walimwamkia, "Prezida!"

"Siku wakikuondoa hapo utabaki nani?" mke wake Olive alimuuliza siku moja.

"Nitabaki mume wako."

"Hiyo kazi nayo hujawahi kuiweza."

Basi habari ikaja kwamba Dominika inayofuata, Padiri Ushindi atakuja mwenyewe kusimamia uchaguzi wa prezida mpya. Na habari ikaja na jina: mama Mukamugema, mjane wa Rutshuru, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mama huyu hakuwa na makuu. Akipewa nafasi ya kuomba, alisimama, akasema, "Mungu, unatujua. Amina," akakaa. Zamani watu walidhani ni uvivu. Siku hizi walianza kuona ni wokovu. Maana Sikuli akishika maombi, watoto walilala, wakaamka, wakaona bado yuko Misri. Akisema "na kwa kumalizia," akina mama walituma mtu nyumbani aongeze maji kwenye maharagwe, kwa kuwa nusu ya sala ilikuwa imebaki.

Sikuli alilisikia lile jina, akacheka kwa sauti kubwa kuliko kicheko chenyewe. Usiku hakulala vizuri. Mkutano wa mwisho kabla ya uchaguzi ulikuwa zamu ya nyumbani kwake, na somo la siku hiyo lilikuwa Musa na kile kichaka kilichowaka moto bila kuteketea.

"Wataona," alimwambia Olive. "Watajua nani anajuana na Mungu na nani anauza sambaza."

Siku yenyewe, alasiri, alisimama kwenye geti la uwanja wake, mikono nyuma kama askari wa kambi ya Katindo.

"Viatu!" alisema kwa kila aliyefika. "Mungu alimwambia Musa avue viatu. Hapa leo ni mahali patakatifu."

"Prezida," alisema Janvier, kijana wa taksi-moto, zile pikipiki za abiria, jirani wa ukuta kwa ukuta, "juma lililopita hapa hapa ulimfukuza mkwe wako na ufagio. Patakatifu pamefika lini?"

"Vua, Janvier, usinichoshe."

"Soksi yangu iko na tundu."

"Mungu anaijua hiyo tundu."

"Mungu anaijua, sawa. Lakini Rosine haijui."

Rosine, binti wa mama Mukamugema, alikuwa tayari ndani, na aliisikia. Kwa hiyo sasa aliijua.

Viatu havikuachwa chini vikanyagwe. Sikuli alikuwa na mpango. Nje ya geti alisimamisha chukudu yake, lile gari la mbao la magurudumu mawili ambalo watu wa Goma husukuma nalo mizigo yote ya dunia, na ambalo yeye alibebea mawe. Aliliegesha ukutani, uso wake ukitazama chini kwenye barabara inayoteremkia ziwani, akaweka kijiwe chini ya gurudumu. Viatu vyote vikapangwa juu yake: vya ngozi, vya plastiki, vya misa, vya mashambani.

Mama Mukamugema alikuwa wa mwisho. Alitazama chukudu, akatazama mteremko, akatazama kokoto nyeusi zilizokuwa zikimngoja ndani.

"Prezida, Musa alikuwa mahali pa mchanga. Sisi tuko Goma."

"Mama, imani!"

"Imani ninayo. Ni nyayo ninazokuambia." Akavua.

Ndani ya uwanja walikuwa wametandikiwa mikeka. Olive alikuwa jikoni na sinia ya vikombe vya chai. Somo likasomwa: kichaka, moto, sauti inayoita jina mara mbili, na Musa anayeficha uso kwa kuogopa kumtazama Mungu. Sikuli akainuka kutoka kwenye kiti chake chenye mikono kama mtu anayeinuka kupiga bao.

"Ndugu zangu. Musa alikuwa mutu mukubwa, sikatai. Lakini hapo kwa kuficha uso, mimi na yeye tunaachana! Mungu amekufuata mpaka kazini kwako, uko na kondoo zako, anakuita kwa jina, halafu unafunika uso? Hiyo ni adabu gani? Mimi ningesema: karibu Muzee, kaa, ulifika lini?"

Watu wakacheka. Kicheko ni pombe mbaya kwa msemaji. Sikuli akanywa, akataka kingine.

Akawapeleka Sinai. Akawaeleza ule mlima ulivyofuka moshi kama tanuri, ardhi ikatikisika, baragumu ikalia bila mpigaji, na taifa zima likarudi nyuma likamwambia Musa: sema nasi wewe, Mungu mwenyewe asiseme nasi, tutakufa.

"Waoga!" akapiga kifua. "Moshi kidogo tu! Sisi hapa tuko na mlima wetu, unafuka kila siku ya Mungu. Nani anatetemeka?"

Wengi walikuwa wameshakimbia ule mlima, godoro kichwani na mtoto mgongoni, na hawakupenda utajwe kwa sauti ile. Watu wa Goma wana busara moja ambayo hata walokole wake wanaijua moyoni: unaweza kuomba moto ushuke ukiwa Butembo, ukiwa Bunagana, ukiwa popote, lakini chini ya Nyiragongo unaomba moto kwa sauti ndogo, na unataja kiasi.

Sikuli alikuwa ameshafumba macho.

"Muzee! Shuka! Kama kule Sinai! Jionyeshe leo, hapa Keshero! Tikisa! Hatuogopi! Tikisa, Muzee, wakujue!"

"Papa," Olive aliita kutoka jikoni, "omba taratibu."

"Tikisaaa!"

Kwanza mbwa wote wa mtaa walinyamaza. Halafu vikombe vya Olive vikaanza kusengenyana juu ya sinia. Halafu uwanja wote ukasogea, polepole, kama ng'ombe anayejigeuza usingizini.

Sasa, mtu wa Goma analelewa kwa sheria mbili. Ukisikia mlio wa risasi, lala chini. Ardhi ikitikisika, toka nje. Ni sheria nzuri na zimeokoa wengi. Shida ni kwamba wakati ule ule ardhi ilipotikisika, bati la choo cha Janvier lilianguka kwa mlio kama wa bunduki. Nusu ya shirika ikalala chini. Nusu nyingine ikatoka mbio juu ya migongo ya waliolala. Walikuwa wakitoka nje kwenda wapi, hilo hakuna aliyejiuliza, kwa maana uwanjani tayari walikuwa nje.

Na prezida? Sikuli alifumbua macho, na kila mtu alisikia aliyoyasema, kwa kuwa alikuwa na sauti ya kuongoza.

"Si leo! Muzee, si leo! Usije! Nilikuwa natania!"

Halafu akaruka. Geti lilikuwa wazi kwa upana wake wote. Sikuli hakuliona. Alipita juu ya mama Mukamugema, akapita juu ya kiti chake chenye mikono, akaukabili ukuta wake mwenyewe, ule wa kuandika wosia kwanza, akaupanda kama mjusi. Alifika juu bila wosia. Pale chupa za bia zikamshika suruali kwa nyuma, zikamwambia ngoja kwanza.

Huko nje kijiwe kilikuwa kimetoka chini ya gurudumu. Chukudu ilitikisika, ikafikiri, ikaondoka. Iliteremka barabara ya ziwani na viatu vya shirika zima, kwa heshima mwanzoni, kama maandamano ya askofu, halafu kwa mbio ambazo hakuna askofu amewahi kuziweza, ikimwaga kiatu hapa, kandambili pale. Waliotaka kuikimbiza waligundua kwamba wako pekupeku juu ya mawe ya Goma. Walirukaruka, wakishika jirani, wakiita mama zao waliokufa zamani.

Kisha kukatulia. Ardhi ikawa ardhi tena. Katikati ya mikeka alibaki mtu mmoja amekaa palepale alipokuwa, kitenge amekivuta kikamfunika kichwa chote na uso.

"Mama Mukamugema," Janvier alimsogelea, "umekufa?"

"Bado."

"Kwa nini hukukimbia?"

"Nilitaka sana. Miguu ilikataa." Akashusha kitenge, akatazama huku na huku, mwisho akatazama juu ya ukuta. "Prezida, mgeni wako amefika. Shuka umusalimie."

Juma lile lilikuwa refu kwa Sikuli kuliko ile safari ya jangwani. Suruali ilishonwa; jina halikushoneka. Watoto walimwita papa Usije. Mteja mmoja wa mtaa wa Himbi alipoulizwa ukuta wake uwe na urefu gani, alijibu, "Weka mara mbili ya unaoweza kuruka." Na viatu! Vingine vilirudi na wenyewe, vingine na wasio wenyewe. Kiatu cha kushoto cha mama Mukamugema hakikuonekana kabisa. Wavuvi waliapa hawajakiona. Akawa anapita sokoni na beseni la sambaza kichwani, kiatu cheusi mguu huu, cha kahawia mguu ule, bila kusema neno. Kutosema kwake ndiko kulikokuwa kampeni.

Sikuli hakuwa mtu wa kukubali kesi bila mashahidi. Alichukua Biblia ya Olive, akaenda kukaa juu ya rundo lake la mawe, akaanza kuwatafuta waoga. Akawapata. Akawapata wengi mpaka akafurahi.

"Olive! Sikia! Yakobo, babu wa taifa zima, ameamka usingizini, amelala kichwa juu ya jiwe, anasema mahali hapa panatisha! Yakobo!"

"Alipanda ukuta?"

Sikuli akafunua mbele. "Manoa, baba yake Samsoni. Malaika amepanda na moto wa sadaka, Manoa anaanguka chini, anamwambia mke wake: tumekufa sisi, tumemwona Mungu."

"Na mke alijibu nini?"

Sikuli alisoma kimya, akakohoa. "Alisema kama Mungu angetaka kutuua, asingepokea sadaka yetu."

"Unaona? Mwanamke iko na akili. Na jina lake?"

"Hawakuandika."

"Wameandika la anayepiga kelele." Olive aliendelea kuchagua maharagwe. "Tafuta mwingine."

"Isaya! Nabii mzima! Ameona kiti cha enzi, malaika wanafunika nyuso, nguzo za mlango zinatikisika. Isaya anasema ole wangu, nimekwisha, mimi ni mtu wa midomo michafu..."

"Rudia hapo mwisho."

"Midomo michafu."

"Hakusema miguu, papa. Amesema midomo."

Sikuli akafunga mdomo wake mwenyewe, akaendelea kusoma peke yake. Aliona jambo ambalo hakuwa amelitafuta. Hawa watu wote waliogopa, sawa. Kesi alikuwa ameishinda. Lakini hakuna hata mmoja aliyekuwa amempigia Mungu mluzi kama anavyoitwa mtu wa taksi-moto. Mmoja tu aliomba kuona, naye ni Musa yule yule wa kuficha uso. Aliomba aone utukufu, akaambiwa hakuna mtu atakayeniona akaishi. Akawekwa kwenye ufa wa mwamba, akafunikwa kwa mkono mpaka utukufu upite, akaachiwa kuona mgongo peke yake.

Ufa wa mwamba. Sikuli aliijua miamba. Aliinua jiwe moja kutoka kwenye rundo, jeusi, lenye vitundu kama mkate, akaligeuza. Miaka yote hiyo alikuwa amelipiga nyundo kama mtu anayevunja mihogo. Jiwe hili liliwahi kutembea. Lilishuka kutoka kule juu likiwa jekundu, likapita katikati ya mji kwa njia liliyoichagua lenyewe, na hakuna fundi, hakuna jenerali, hakuna prezida wa kitu chochote aliyesimama mbele yake akasema karibu, kaa, ulifika lini. Wote walitoka njiani. Yeye pia alitoka njiani. Alikuwa amesahau tu.

Alilirudisha jiwe chini kwa mikono miwili, polepole, kama anayelaza mtoto.

Jua lilikuwa linashuka. Mawingu yalikuwa yamejitenga, na mlima umesimama wote, mweusi, na moshi wake umeanza kupata wekundu kwa chini. Sikuli akataka kusema, "Haya Muzee, kesho." Badala yake akasimama. Aliona kofia yake iko mkononi na hakukumbuka kuivua.

"Unaumwa?" Olive aliuliza kutoka mlangoni.

"Hapana."

"Kwa nini umenyamaza?"

"Sijui."

Olive aliacha maharagwe, akaja kumgusa paji la uso.

Dominika walikutana katika uwanja wa mama Mukamugema. Getini hakuna aliyevua kiatu. Kamba zilikuwa zimefungwa mara mbili, na Janvier alikuja na mabuti ya mvua, wakati jua linawaka. Akina mama walikuwa wameepua vyungu kabisa kabla ya kutoka nyumbani, maana walijua: anayemaliza muda wake ndiye anayefungua kwa sala, na prezida anayepigania kiti chake ataanza na Adamu.

"Papa Sikuli," alisema Padiri Ushindi, "tufungulie. Halafu kila mgombea, wewe na mama, atasema neno, na watu watasimama nyuma ya wanayemtaka."

Sikuli alisimama. Utetezi wake wote ulikuwa tayari kifuani, umepangwa kama mawe: Yakobo chini, Manoa juu yake, Isaya kwenye kona. Alitazama watu. Alitazama miguu ya mama Mukamugema, mmoja mweusi, mmoja wa kahawia. Watu walishikilia vicheko vyao kwa meno, wakingoja "Muzee" ya kwanza ili waviachie.

"Mungu," alisema Sikuli.

Mtu mmoja nyuma alikohoa.

"Tulikuita. Uliitika. Utuhurumie. Amina."

Akakaa.

Padiri alibaki ameinamisha kichwa, mikono imeshikana, kwa muda mrefu. Mwisho akafumbua jicho moja. "Endelea, papa."

"Nimemaliza, Padiri."

Mnong'ono ulipita uwanjani kama upepo kwenye migomba. "Niliwaambia anaumwa," alisema Olive.

Padiri alijikwaa ulimi kidogo, akaita wagombea waseme neno lao. Sikuli akatikisa kichwa. Mama Mukamugema akainuka, akajifunga kitenge vizuri, akavuka uwanja na viatu vyake visivyojuana, akaenda akasimama nyuma ya kiti cha Sikuli.

"Mama," Padiri alisema, "wewe ni mgombea. Huyo ndiye unayeshindana naye."

"Najua, Padiri. Lakini kama ataomba hivi, maharagwe yangu hayataungua tena. Sasa cheo kitanisaidia nini?"

Hiyo ndiyo iliyokuwa hotuba ya uchaguzi. Akina mama walisimama kwa pamoja, benchi moja likaanguka, wakajipanga nyuma ya Sikuli. Wanaume wakafuata, kwa sababu wao pia hula hayo maharagwe. Janvier ndiye alibaki, mabuti yake yakilia kwichi kwichi.

"Nakuja," alisema. "Lakini niko na sharti moja, Prezida. Sinai usiiombe tena. Ukitaka mlima, nenda uuombe huko Beni."

"Amina!" wakaitika wote, na ile amina ilitoka kwa moyo kuliko amina zote za miaka ya Sikuli.

Wakaimba wimbo wa kufunga. Sikuli alikaa kwenye kiti cha mama Mukamugema, ambacho hakikuwa na mikono, na hakuonekana kulitambua hilo. Mama, aliyekuwa karibu yake, aliinamisha macho akaona vidole vya miguu ya prezida, vitupu, juu ya kokoto nyeusi zenye meno. Katika uwanja mzima ni yeye peke yake aliyevua. Viatu vyake alikuwa amevisukuma chini ya kiti, kamba zimelegezwa, ncha zake zikitazama geti.

"Prezida," mama alimnong'oneza, "unamuogopa sasa?"

"Sana, mama."

"Na hivyo viatu?"

"Nimeviweka karibu."